Wigi na Gundi ya Pancha

Miaka ile taifa lilikuwa na maadui watatu, na sisi tulifundishwa kuwataja kwa mpangilio: ujinga, umaskini na maradhi. Pale Moshi mjini akaongezwa wa nne, wigi langu. Vijana waliopewa kazi ya kulinda utamaduni walisimama karibu na soko na fimbo zao, na mwanamke akipita na nywele ambazo hakuzaliwa nazo, walimsaidia kuzivua. Mwenzangu wa ofisini alisaidiwa hivyo mbele ya watu wote, akarudi nyumbani amejifunika gazeti. Ujinga, umaskini na maradhi walipita sokoni kila siku bila kusumbuliwa na mtu.

Mimi sikuvaa wigi ili nifanane na Wazungu, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilivaa kwa sababu sikuwa na nywele. Nilikuwa nimenunua dawa ya kunyoosha nywele iliyotoka Nairobi, kwenye kopo lenye picha ya mwanamke anayecheka, nikaipaka, nikaiacha kichwani muda mrefu kuliko walivyoagiza ili inyooshe vizuri zaidi. Ilinyoosha kweli. Nywele zilinyooka zote, kisha zikabaki mkononi mwangu. Kaka yangu aliyekuwa masomoni ng'ambo alinihurumia, akaniletea wigi la maana, lililoshonewa kwa mbele kwenye wavu mwembamba mno, kiasi kwamba ukilala vizuri kwenye paji la uso huuoni. Siri ya upara wangu tuliijua mimi na kaka yangu, na mume wangu kwa kuwa tulilala kitanda kimoja.

Baba mkwe hakuijua. Alikuwa mkulima wa kahawa kule Uru, mzee mrefu mwenye ulimi usio na breki. Wengine wa ukoo walinisengenya kwa adabu, nikishaondoka. Yeye alisema nikiwa mbele yake. Mara ya kwanza aliponiona na wigi aliitikia shikamoo yangu, akamgeukia mwanawe na kumuuliza kama yule kuku aliyelala kichwani kwangu angependa mtama kidogo. Kila tulipopanda kumsalimu alikuwa na jipya. Nilimpenda kwa hilo. Nyumba nzima ilinishika kama kikombe cha wageni, na yeye peke yake ndiye aliyenitania kama mtoto wake.

"Mkwe," aliniambia siku moja, "chini ya hicho kitu kuna kichwa kweli?"

"Kipo, baba. Krismasi utakiona."

"Nikikiona kina nywele, nakuchinjia mbuzi."

Sikumweleza yaliyonipata. Nilitaka kupanda siku ya Krismasi kichwa wazi, niketi mbele yake, nimwone akikosa la kusema kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nywele mpya zilikuwa zimeshaanza kuota, laini kama za mtoto, nami nikazitunza kama miche ya kahawa: kivuli, unyevu, na hakuna kugusagusa.

Tatizo lilikuwa sokoni. Baada ya mwenzangu kuvuliwa lake, niliona pini hazinitoshi. Akili yangu, ambayo serikali ilikuwa imeisomesha kwa gharama kubwa, ikanishauri nilibandike. Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikanunua gundi ya kuzibia pancha. Nilikuwa na imani nayo, maana mume wangu alipanda na kushuka milima ya Old Moshi kwa baiskeli yenye viraka vingi kuliko mpira wenyewe. Nikaipaka kuanzia sikio hadi sikio, nikaubonyeza wavu, nikasubiri ikauke, nikaenda kazini kwa kupitia sokoni makusudi. Kijana mmoja alinifuata, akavuta. Akavuta tena. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Samahani, mama," alisema. "Nilidhani si zako."

Nilitembea siku ile kama mke wa waziri.

Asubuhi iliyofuata ndugu wa mume wangu alishuka kutoka Uru na lori la kahawa kutuambia kwamba baba amefariki usingizini. Mume wangu alivaa koti, akapanda lori lile lile. Mimi ningefuata kesho yake, baada ya kuomba ruhusa ofisini na kukusanya vitu vya msiba. Alipofika mlangoni alinitazama kichwani.

"Njoo na kichwa chako," alisema, akaondoka.

Kwa watu wa kule, siku ya kumaliza matanga watu wa nyumba hunyolewa. Mjane na watoto hunyolewa zote. Wake wa watoto walioajiriwa mjini walikuwa wamepewa nafuu: shangazi hukata kishungi kimoja nyuma ya sikio, shughuli inakwisha. Kitambaa kingenisitiri siku za mwanzo, lakini siku hiyo kingefunguliwa mbele ya ukoo mzima, na wembe wa shangazi ungekutana na nywele za mwanamke wa ng'ambo ambaye hakuwa na undugu wowote na marehemu.

Hata hivyo, aibu haikuwa ndiyo iliyoniuma zaidi. Baba alikuwa amekufa kabla sijamwonyesha. Nilitaka angalau nisimame kaburini kwake na zile nywele nilizomwahidi, zote, isikosekane hata moja. Kwa hiyo wigi lilipaswa kutoka na nywele zibaki, na gundi ya pancha haikuwa imetengenezwa kwa mapatano ya namna hiyo.

Nilianza kwa kuvuta, kama yule kijana. Ngozi ya paji ilipanda na wigi, macho yakanitoka, na nywele changa kadhaa zikang'oka na kubaki kwenye gundi. Nikajaribu mafuta ya taa. Yaliniunguza mpaka nikapiga kelele, na kelele hizo zikamleta jirani yangu, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka upande wa mbele wa nyumba tuliyopanga. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Unajichoma moto au unajipika?" aliuliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, akaligusa wigi kwa kidole kimoja.

"Mimi kila wiki nabandua karatasi kwenye chupa kuukuu, nipate kutia achari," alisema. "Umeshaniona navunja chupa?"

Basi nikawa chupa ya achari. Aliniketisha uani, akaleta mafuta ya nazi kwenye kibakuli, akakiweka kibakuli ndani ya maji ya moto hadi mafuta yakawa vuguvugu. Akazungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya, akaanza karibu na sikio, pale gundi ilipokuwa nyembamba. Alipaka ukingoni, akaacha mafuta yapenye chini ya wavu. Halafu akaenda kuhudumia wateja. Hilo ndilo lililonishinda, kusubiri. Kila nilipopeleka mkono kichwani alinikemea kutoka dukani bila hata kugeuka.

Aliporudi, gundi ilikuwa imelegea kama uji uliopoa. Aliibana ngozi yangu kwa vidole vya mkono mmoja isinyanyuke, na kwa mkono wa pili akaukunja wavu kuelekea nyuma, taratibu, kipande kidogo. Ulipokaza hakuuvuta, aliongeza mafuta, akarudi kwa wateja wake. Tulikwenda hivyo kutoka sikio moja hadi la pili, na jua likapita juu ya paa. Nilipata muda mwingi wa kumfikiria baba mkwe, na nikajua kabisa angesema nini kama angeniona nimepakwa mafuta kama kuku anayesubiri jiko. Nilicheka peke yangu.

Lilipotoka lote, mama yule alizisugua punje za gundi zilizobaki kwenye paji kwa kidole chenye mafuta, zikajikunja zikaanguka. Wavu aliusafisha vivyo hivyo. Wigi tukalifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, tukalikandamiza kwenye taulo bila kulikamua, tukalivisha sufuria iliyopinduliwa likaukie kivulini. Liliketi pale limetulia, zuri kuliko mwenyewe. Nami nikaosha kichwa, nikachana kuanzia nchani, nikajitazama kwenye kioo. Nywele zilikuwa zimejaa, nyeusi, zinatosha kushikwa. Nilijiona mzuri, na nikaona uchungu kwamba naona hivyo siku kama ile.

Nilipanda Uru kesho yake, kichwa wazi, nimejiandaa kwa mshangao wa ukoo. Hakuna aliyeshangaa. Watu walikuwa na msiba. Wale waliozoea kunong'ona kuhusu wigi walinong'ona kwamba nimekonda. Tulimzika baba migombani, mvua nyembamba ikinyesha, nami nikasimama mahali ambapo angeweza kuniona vizuri.

Siku ya kunyoa tulikaa uani kwenye mikeka. Mama mkwe alinyolewa kwanza, wakafuata wanawe. Zamu yangu ilipofika shangazi aliupangusa wembe kwenye khanga yake, akanishika kichwa, akazipapasa nywele kwa vidole.

"Mae, mama yangu, wewe una ofisi," alisema. "Kishungi kimoja kinatosha."

Mume wangu, kichwa chake kikiwa tayari kimenyolewa kinang'aa, aliitikia kwamba ndiyo, kinatosha. Alijua nilivyozihangaikia.

"Nyoa zote, shangazi."

"Nzuri hivi?"

"Zote."

Nilizikuza ili mtu mmoja azione, na sikumwona mwingine pale aliyestahili kubaki akizitazama. Ziliniangukia mapajani, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu lile lori lishuke, nikalia kwa sauti, mabega yakitikisika hata shangazi akashindwa kunyoa. Akaniwekea mkono kisogoni, akaniambia nisilie, nywele huota tena. Nilimkubalia. Kumweleza kungechukua muda, na bado alikuwa na watu wa kunyoa.