Mahameli na Kikombe Chenye Uzi

Tarehe kumi na nne Machi. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na mpaka watu wanafungua maduka yalikuwa bado hayajaamua kuwa mvua.

Ndani ya karakana ya ushonaji, mafundi walisimama katikati ya vyerehani, vichwa chini, wakisali. Bi Mkubwa, mwenye karakana, hakuruhusu sindano ichome kitambaa kabla kazi ya siku haijakabidhiwa kwa Mungu. Nyuma kabisa alisimama mwanamke ambaye wote walimwita Wifi. Bi Mkubwa alikuwa mjane wa kaka yake. Kutwa waliitana wifi, wifi, mafundi nao wakalidaka jina. Midomo ya Wifi ilicheza pamoja na ya wenzake, lakini maneno yake yalikuwa mengine, kwa kuwa alizaliwa katika dini ya watu wachache na hajaiacha. Jicho moja alifumba. La pili lilikuwa kwenye meza ya kukatia, chini ya dirisha. Meza yake, sasa.

Kwenye kizingiti cha mlango hapakuwa na mtu.

Hadi majuzi pale ndipo alipokuwa akisimama Chaki, mkataji, akinywa chai hadi sala iishe. Walimwita hivyo kwa kile kipande cha chaki kilichokaa nyuma ya sikio lake hata msibani. Siku ya kwanza alisema wazi, "Bi Mkubwa, mimi siamini, na sitaki kusimama pale nikiigiza. Nitangoja nje." Bi Mkubwa alimtazama, akalitazama koti alilolileta kama mfano wa kazi yake, akamwambia angoje nje. Miaka ikapita hivyo, wala dari haikuwaangukia.

Dari haikuanguka, ila moyo wa Wifi ulikuwa ukiungua. Yeye ndiye aliyekuwapo tangu karakana ikiwa chumba kimoja na cherehani cha kukanyaga. Yeye ndiye ndugu. Lakini wateja wakiingia walimpita kama wanavyopita kiti, wakaenda moja kwa moja dirishani. "Yuko wapi fundi Chaki? Nikatie kama lile la juzi." Chaki akipiga mstari mkono mtupu, bila rula, mstari unanyooka kama uliochorwa na malaika ambaye yeye mwenyewe hamwamini! Wifi akiutazama, alikosea mshono wake.

Siku moja alimkabili Bi Mkubwa. "Wifi, hivi damu ni nini kwako?"

"Damu ni damu, wifi yangu. Kukata ni kukata."

Jibu hilo alilala nalo, akaamka nalo.

Ndipo ikaja kazi ya majoho ya waimbaji wa nyumba ya ibada ya mtaa wa pili, mahameli ya zambarau, majora mazito ya kubebwa na watu wawili. Jioni ile Wifi alimfuata Bi Mkubwa stoo, akashusha sauti.

"Wifi, mimi simo. Ila watu wa majoho wananong'ona. Wanasema nguo ya ibada haikatwi na mkono usiosali."

"Nani kasema?"

"Wenyewe. Hawataki kukuvunjia heshima, ndiyo maana hawakwambii."

Hakuna aliyesema. Maneno hayo Wifi aliyajua kwa sababu aliwahi kuambiwa yeye. Usichanani mwake, katika karakana nyingine, mwenzake mmoja aliyemwonea wivu alieneza kwamba watu wa dini yake wana mikono najisi. Kesho yake alikuta kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, ili asije mtu akakinywea kwa bahati mbaya. Hakufukuzwa. Alikunywa chai peke yake mpaka akaondoka mwenyewe. Kisa hicho aliwasimulia mafundi wa Bi Mkubwa wakati wa chai, akikitia chumvi mpaka wakacheka.

Kumbe waliocheka walikuwa wakijifunza. Fununu ilipozagaa, asubuhi moja kikombe cha Chaki kilikutwa kimefungwa uzi mwekundu. Wifi hakuufunga. Aliuona tu, akainama kutafuta pini ambayo haikuanguka.

Chaki alikigeuza kile kikombe mara moja, akakirudisha rafuni. Bi Mkubwa alimwita, akazunguka maneno: wateja, unajua tena, biashara, labda upumzike kidogo. Chaki akatoa chaki sikioni, akaiweka mezani, akaondoka na koti lake. Saa ileile Wifi aliuchukua mkasi mkubwa. Ulikuwa bado una joto la mkono wa Chaki.

Basi akakata. Na hapo wivu ukamfundisha hesabu mbaya. Bi Mkubwa alikuwa akimsifu Chaki kwa kutopoteza kitambaa. Wifi akataka kubakiza kingi kuliko yeye. Vipande vya joho ni vyembamba juu, vipana chini. Akavipanga kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, vikakumbatiana bila nafasi. Kilichobaki kwenye jora kilikuwa kingi hata Bi Mkubwa akapiga makofi ya furaha. "Wifi! Kumbe tulikuwa tunakaa juu ya dhahabu!" Wifi alitembea siku hizo kama aliyeota mbawa.

Sasa, asubuhi hiyo ya manyunyu, sala ilipokwisha, kiongozi wa waimbaji alifika na mwavuli wake. Kwa sababu ya giza la mawingu, Bi Mkubwa aliwasha taa kubwa, akatundika majoho kwenye kamba.

Kiongozi akarudi nyuma hatua moja. "Mama, hizi ni rangi mbili?"

Kila joho lilikuwa na kipande cha zambarau iliyokolea na kipande kinachong'aa kama kimemwagiwa maji. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Ukikipindua kitambaa, mwanga unakipiga vingine. Mkataji wa mahameli huipapasa kwanza kwa kiganja, kisha hukata vipande vyote vikielekea kumoja, hata kikipotea kitambaa.

"Tutaonekana punda milia," alisema kiongozi.

"Kitambaa ni kibovu," Wifi aliwahi.

Bi Mkubwa alipitisha kiganja juu ya joho, juu, chini. Kisha akamgeukia mgeni. "Niambie ukweli, ndugu yangu. Mlilalamika kwamba anakata asiyesali?"

"Sisi? Sisi tulikuja hapa kwa ajili ya huyo mkataji wenu. Anasali, hasali, mimi sikuuliza. Kwani yuko wapi?"

Fundi wa vifungo alikohoa kikohozi kisicho na kifua.

"Wifi," Bi Mkubwa alisema taratibu, "na mimi nilitaka kuamini, kwa hiyo sikulaumu peke yako. Lakini mdomo uliomtoa ni wako. Kesho ukamlete. Akikataa, ile meza itakaa tupu. Wewe hukatii pale tena."

Usiku Wifi hakusali. Alijaribu, akaishia kuiona ile meza.

Kesho yake asubuhi kulikuwa kukavu. Alikwenda karakana kabla ya wote, akakichukua kikombe cha Chaki, akaukata uzi, akakiosha. Kisha akaenda nacho hadi kwa dada yake Chaki, ambako fundi alikuwa ameweka cherehani barazani. Wateja wawili walikuwa wamekaa tayari wakimngoja, na Wifi, hata katika aibu ile, akaona wivu.

"Kaka, nimekuja. Ni mimi niliyesema."

"Najua, dada. Wewe ulisema, wao wakaamini. Kuamini ndiyo kazi yao." Hakucheka. "Mahameli umeikata wewe?"

"Nimevipindua vipande. Nilitaka nibakize kuliko wewe."

Hapo akacheka, mpaka wateja wakageuka. Akafikiri kidogo. "Fumueni yote. Vipande vyenye manyoya ya kuelekea juu vishonwe pamoja, vya kuelekea chini pamoja. Nusu ya waimbaji wasimame mbele, nusu nyuma. Watu watadhani ndiyo mtindo. Mikono ikatwe upya kwenye hicho ulichobakiza." Akainuka. "Nitakuja. Kwa ajili ya mahameli. Ninyi nitaongea nanyi baadaye, tena kwa sauti. Na nitakaa nje palepale."

Walifika sala inaanza. Chaki akasimama kizingitini. Wifi akamimina chai kwenye kile kikombe, akanywa yeye kwanza, mbele ya wote waliogeuza shingo, kisha akampa. Wifi mwenyewe hakuingia ndani. Alisali palepale nje, kwa maneno ya dini yake, na kwa mara ya kwanza kwa sauti.

Sala ilipokwisha alimshikia ncha ya mahameli mezani. Chaki alipiga mstari, mkono mtupu. Ulinyooka. Wifi aliutazama, roho ikamchoma vilevile, akaendelea kushika.