Kibao cha Mwalimu Mwinshehe

Saa moja kasorobo asubuhi, Mwalimu Mwinshehe anaingia darasani katika kijiji cha Kidahwe akiwa na samaki wanne aina ya mgebuka aliowanunua sokoni Kibirizi. Wanafunzi sitini na wawili wa Kidato cha Pili wanasimama.

“Shikamoo, mwalimu!”

“Marahaba. Kaeni.”

“Mwalimu, leo tunasoma au tunapika?” anauliza Leonardi kutoka nyuma.

“Wewe utapikwa.”

Darasa linacheka. Mwalimu hacheki. Anaweka samaki mmoja juu ya kibao cha mninga, anampasua na kuyafunua matamvua.

Kibao hicho kina historia. Kwa miaka kumi na minane kilining’inia shingoni mwa kila mwanafunzi wake aliyekamatwa akizungumza lugha isiyokuwa Kiingereza. Mwinshehe, mzaliwa wa Kasingirima mjini aliyelelewa na shule ya bweni, alivaa cha namna hiyo utotoni na akaamini kilimjenga.

Mwaka jana alimvika Caritas. Binti huyo alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka uliotangulia, 1996, akiwa amesoma kwa Kirundi na Kifaransa. Analelewa na baba yake mdogo, Mzee Nduwimana, mkulima wa Kidahwe. Alikivaa wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne akanyamaza kabisa. Akiulizwa, aliinamisha macho. Katika jaribio la Biolojia alipata alama kumi na moja.

“Nilimwandika mzito wa kuelewa,” anasema Mwinshehe. “Niliandika kwa mkono wangu huu.”

Siku moja, baada ya kuchora samaki ubaoni, akipita kati ya madawati alimsikia Caritas akimnong’oneza jirani yake Frida, Muha wa hapo kijijini. Kirundi na Kiha ni lugha za kusikilizana. Mwinshehe, mtu wa mjini, hajui hata moja.

“Frida, anasema nini huyu?”

“Samahani, mwalimu. Anasema samaki anavuta hewa iliyomo majini kwa vile vijinyama vyekundu vya kando ya kichwa. Na kwamba ulipochora ubaoni, umevisahau.”

Mwalimu aligeuka kuutazama ubao. Kweli, alikuwa amevisahau.

Tangu siku hiyo kibao hakijavikwa mtu. Sasa wanafunzi huketi wawiliwawili, inapowezekana Muha na Mrundi, wakijadili kwanza kwa lugha iliyo nyepesi kwao. Kisha hulisema jambo kwa Kiswahili, na mwisho kila mmoja husimama na kulieleza kwa Kiingereza. Akikosea hurudi mwanzo wa sentensi. Haketi mpaka ikamilike.

“Simlegezei mtu,” anasema. “Kiingereza watazungumza. Ninachokataa ni kumziba mtu mdomo kabla hajafikiri.”

Vitabu ni kumi na kimoja tu, lakini mwezi uliopita Caritas alipata alama hamsini na nne.

Bado mtihani wa taifa wa Novemba. Mzee Nduwimana ameshatamka msimamo wake.

“Akifaulu, aendelee. Akifeli, jembe lipo. Sina wa kunisaidia.”

Asubuhi hii ni zamu ya Caritas kueleza kazi ya matamvua kwa Kiingereza. Anasimama, anakwama, anarudi mwanzo mara mbili. Mara ya tatu anafika mwisho, akimtazama mwalimu usoni. Frida anampigia makofi peke yake, kisha darasa zima.

Mwinshehe ameshaamua: matokeo yakitoka atayapeleka mwenyewe kwa Mzee Nduwimana, na atayasema kwa Kirundi. Caritas humfundisha kila Ijumaa baada ya masomo.

“Nikikosea, ananirudisha mwanzo wa sentensi,” anasema mwalimu. “Na haniruhusu kuketi.”