Machicha Aliyoyakataa Jogoo

Hamjambo ndugu zangu? Naomba mtulie kidogo, haya nimeyaandika mwenyewe.

Juzi pale Mbinga, nikiwa kwenye duka la chakula cha kuku, mama mmoja mpika pombe ya komoni alimwonyesha muuzaji machicha yake, yale mabaki ya pombe. Muuzaji akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka.

"Mama, haya yameota ukungu! Umeshawapa kuku?"

"Nimemwachia baba watoto awape mitetea ya mbegu. Vifaranga vyangu vyote vinatoka kwao."

"Mgeni ukimpa komoni, nani anaonja kwanza?"

"Si mimi mwenyewe, ili asiogope."

"Na kuku kawaonjea nani?"

Mama akampigia mumewe simu, sauti tukaisikia sote.

"Baba watoto, kuku wamekula?"

"Wapi! Jogoo wako kadonoa mara moja, kafuta mdomo chini, kagoma kuwaita mitetea. Nimemtukana mpaka nimechoka!"

"Mwaga yote! Na jogoo umwombe radhi!"

Tukacheka, yeye akajifuta machozi kwa kitenge.

Ndugu zangu, mwenye nyumba aliyeonja kwanza siku ile alikuwa jogoo. Mimi natoka nikanuse gunia langu la pumba. Nikilikuta halina ukungu, nitarudi.