Sinia Niliyompa Mdogo Wangu

Tulikuwa wanne nyumbani Munje adhuhuri ile: mama yetu, mimi kifunguamimba wake, mdogo wangu kitindamimba, na shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutusaidia kukuna nazi. Majina yote ninayo, na la mwalimu pia ninalo. Siyaandiki, wana wajukuu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mdogo wangu alikuwa akisomea shahada ya pili, na mimi niliyeishia darasa la tatu nikijivuna sokoni utadhani ninayesoma ni mimi. Alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya miti ya dawa, tangu Taru hadi kwetu, lakini shahada haipati mpaka mwalimu anayemsimamia atie saini. Mwalimu huyo akaja kuiona miti, akafikia nyumba ya wageni Msambweni.

Kwetu mgeni wa heshima hupelekewa chakula na mwenyeji wake. Tukapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukafunika kawa.

"Dada, twende sote," mdogo wangu akaniambia.

"Una digrii nzima, waogopa kubeba sinia?"

Shangazi akacheka. "Mwache, asije akavunjika kucha."

"Bwana yule huniambia maneno," akasema polepole.

"Maneno gani? Mwalimu ni kama baba. Nenda, chakula kisipoe."

Alirudi kabla ya alasiri na sinia yake, kawa halijafunuliwa. Akaiweka chini.

"Alifunga mlango akanishika. Ati saini nitaipata nikilala huko. Nimemsukuma nikatoka."

Mama akasema labda hakumwelewa. Mimi nikaichukua sinia, nikairudisha jikoni.

Saini haikutiwa. Alipolalamika chuoni, wakubwa walimuuliza, "Uliitwa, au ulikwenda mwenyewe?" Mwalimu alikuwa ameshawaambia: "Alinijia chumbani na chakula, tena ametumwa na watu wa kwao." Hapo hakusema uongo. Mmoja wao akaongeza kwamba wasichana wa pwani ndivyo walivyolelewa.

Mdogo wangu akarudi nyumbani, akafundisha watoto wa darasa la pili mpaka akastaafu. Kitabu kilikaa kabatini. Hakunilaumu hata siku moja, ila sinia ya mgeni hakuibeba tena.

Wote watatu wametangulia mbele ya haki. Mimi nakumbuka sauti iliyosema "nenda" kuwa ni yangu. Kama yupo aliyeisikia habari hii kwa mmoja wao, akaambiwa ilikuwa sauti ya mama, tafadhali anisahihishe.