Juma ya siku sita

Nilikuwa nimechoka, njo ukweli, na hata sasa niko nimechoka. Kazi yangu ni kuchora bikaratasi ku ordinateur, ile kompyuta, mu kaduka ka imprimerie ka kuchapa bitabu hapa Butembo, na courant ya umeme inakwenda na kurudi vile inataka. Kanisa yetu iliniomba programme ya maombi ya juma: tableau moja ya mistari, kila siku na chumba yake.

Nikajiambia: siku saba, donc mistari saba. Nikachora mustari moja, nikaufanyia copie sita, nikaambia ordinateur iipange sawasawa toka pembeni mpaka pembeni. Nikapima nafasi mara tatu, kwa sababu mimi niko mutu wa kupima. Mais mutu yeyote wa kujenga lupango, ile uzio ya miti, angeniambia: miti saba inafanya nafasi sita. Nikaandika lundi, mardi, mpaka samedi, ile jumamosi, byumba bikaisha. Pahali pa kujiuliza siku ya saba iko wapi, nikafurahi kwamba kazi pia imeisha. Nikatoa bikaratasi mia moja.

Dimanche, ile jumapili, asubuhi bakabigawa mu kanisa. Mama yangu, mwenye kuikala kando yangu, akaonyesha bamama ba benchi yote: "Ni mutoto wangu alichora hii. Muangalie vile iko sawasawa!"

Pasta akasoma yake, akaigeuza nyuma, akatosha lunettes, ile miwani, ku macho.

"Bandugu, leo ni siku gani?"

"Dimanche!" kanisa yote ikajibu.

"Mais hapa dimanche hapana. Nani alichora?"

Nikainama kama mutu mwenye kusali. Mama alikuwa amekwisha kuinua mukono wangu.