Mwizi wa Dagaa Atoke Wapi?

Igizo letu lilikuwa na watunzi watatu, wote wabishi: katekista aliyekimbia vita Burundi, fundi cherehani aliyevuka ziwa kutoka Kongo, na mimi, Muha wa hapa hapa, muuza dagaa wa soko la Katonga. Tulihitaji mwizi wa kukimbia na beseni la dagaa kichwani. Katekista akasema asiwe Mrundi. Fundi akafunga daftari: asiwe Mkongo. Nami nikaapa Muha haibi, ingawa jirani yangu wa meza sokoni, Muha mwenzangu, nilimjua vizuri. Basi tukaamua atoke Dar es Salaam, maana huko hatukuwa na wa kumuudhi.

Siku ya onyesho, mgeni rasmi akaja kutoka huko huko. Mwisho alisimama, akakohoa.

“Igizo zuri,” akasema. “Ila sisi hatuibi kishamba hivyo.”