Sauti ya Dada Yangu Nimeificha Chini ya Nguo za Idi

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa ukurasa huu na nyote mnaousoma. Sisi huku Msambweni hatujambo, alhamdulillahi. Mume wangu hajambo, ni mgongo tu. Mama mkwe hajambo na anakula vizuri. Wifi yangu tunayeishi naye hajambo, mdomo wake ndio ule ule. Binti zangu wawili hawajambo, mdogo ana mafua. Na kijana wangu Salim, ambalo si jina lake, ni mzima wa mwili. Mimi ndiye sijambo nusu. Jina langu lifichweni, maana hapa kijijini hakuna asiyenijua.

Nina miaka arobaini, nilisoma hadi darasa la tatu, mwandiko mtanisamehe. Salim sikumzaa. Alizaliwa na dada yangu mkubwa, aliyefariki mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu. Wazee wakakaa, wakaona mtoto asilelewe na mgeni, nikaozwa shemeji yangu nikiwa na miaka kumi na saba. Miezi sita yule mtoto alinililia. Nikimbeba analia, nikimweka chini analia, uji wangu anautema. Halafu asubuhi moja akaniita mama, na tangu siku hiyo hajaniita jina jingine. Dada hakuacha hata picha.

Mwaka huu alirudi mzungu mmoja aliyeishi huku zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akirekodi wanawake wakisimulia hadithi. Kanda zake ziliingia ukungu akazitupa, lakini kwanza alizitia zote kwenye diski ya kompyuta, kisanduku cheusi cha ukubwa wa kitabu kinachochomekwa kwa waya. Alipanga nyumba Tiwi, kwenye nyumba za wageni ambako Salim ni karani, akamwomba amsaidie kupanga majina. Salim akaliona jina la marehemu mama yake. Kabla hajasikiliza, stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, na kile kisanduku kikawa kinagonga tak, tak, hakifunguki tena. Mzungu alisikitika sana. Alipoondoka akamwachia, akamwambia akiweza kukiponya, kilichomo ni chake.

Hapo ndipo nilipoanza kuugua moyo. Salim akawa hana mazungumzo ila hayo. Akaanza kusema "mama yangu mzazi", neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nampakulia wali, yeye anawaza kisanduku. Wifi yangu akanitania mbele ya wageni: "Mwenye mtoto anarudi, yaya jitayarishe kukabidhi." Wakacheka, nami nikacheka nao, na ndani nilikuwa naungua. Ndugu zangu, nilimwonea wivu maiti. Tena dada yangu wa tumbo moja, aliyekuwa akinisuka nywele.

Salim akakipeleka Mombasa kwa fundi. Fundi akamweleza kwamba ndani mna visahani vinavyozunguka na kijiti cha kuvisoma, kijiti kimeharibika, na kila kikiwashwa kinazidi kukwaruza. Atajaribu mara moja tu, kwa hiyo achague anachotaka kitoke kwanza. Katika wanawake wote wale, Salim akamchagua dada. Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda hospitali huko huko Mombasa kwa ajili ya macho. Salim alinyimwa ruhusa kazini, akaniomba nipitie kwa fundi.

Fundi akasema tuna bahati. Sauti ilipokuwa inatoka, yeye alikuwa akiinasa kwenye kaseti, akapata dakika nne, kisha diski ikafa moja kwa moja. Nakala ni hiyo kaseti tu. Akaiweka kwenye redio nisikilize. Ni yeye. Anasimulia hadithi ya sungura, anacheka mwenyewe kabla hajafika mahali pa kuchekesha, kama kawaida yake. Katikati mtoto akalia. Dada akakatiza hadithi, akasema, "Haya njoo, njoo kwa mama." Na mtoto akanyamaza. Pale pale. Mimi nilihangaika naye miezi sita.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Salim kwamba fundi ameshindwa. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Basi mama. Pole na safari. Na macho, wamekwambiaje?" Akaenda kulala bila kula.

Kaseti nimeificha chini ya nguo zangu za Idi. Juzi nyumba ilikuwa tupu, nikaitia kwenye redio yetu, nikaweka vidole juu ya vile vibonyezo viwili vya kurekodia, niifute. Nikasema nimsikie mara moja tu kwanza. Nikashindwa kubonyeza. Nilimlilia dada yangu kama ndiyo kwanza ametoka kuzikwa.

Sasa Salim anasema mwisho wa mwezi huu, akipata likizo, atakwenda mwenyewe kwa fundi kuchukua kisanduku chake, hata kama kimekufa. Fundi atamwambia alichonipa. Siwaulizi kama nimekosa. Nimekosa, na kwa Mola wangu nimetubu. Ninachouliza ni hiki: nikimpa, nimkirie kwamba nilimdanganya, au niseme fundi ameituma baadaye? Na akishasikia jinsi mtoto yule alivyonyamaza, ataniita mama bado? Wenye watoto wa kuzaa na wenye watoto wa kulea, niambieni la kufanya. Nawaombeni mnijibu upesi, mwezi unakwisha.